Shomari, Kabla Bibi Hajakubeba

Shomari wangu,

Umelala kwenye mkeka, mkono mmoja umeng'ang'ania ule mfuniko wa sufuria unaoupenda kuliko kitu chochote cha kuchezea, na mimi nimekaa karibu na jiko nikisubiri maji yachemke. Mvua inanyesha tangu adhuhuri. Mlima hauonekani kabisa. Wingu limeshuka mpaka limekalia mabati ya jirani, na humo ndimo unamokwenda kesho asubuhi, ndani ya wingu lile, Kinole, kwa Bibi.

Najua hujui kusoma. Hata neno "mama" unalitamka kwa kubahatisha, na mara nyingi unamwambia kuku. Lakini mimi ni mtu wa kuandika. Kusema siwezi. Tangu nikiwa mdogo, mtu mzima akinitazama tu usoni, sauti yangu inarudi tumboni na kukaa huko. Basi acha niandike, utasoma ukikua, na kama utacheka, cheka.

Mambo ya nguo na kofia sitayaandika, mfuko umeshafungwa na Mama ameukagua kama askari wa mpakani. Wala sitaandika habari za baba yako. Hizo zina siku yake.

Nataka kukuandikia kwamba naogopa.

Mimi narudi shule, ya bweni, kidato cha tatu, darasa lile lile nililoliacha tumbo lako lilipoanza kuonekana. Nitakaa na watoto walionizidi ujanja ingawa mimi nimewazidi umri. Mama anatoka alfajiri kwenda kuuza supu na chapati, anarudi jua limezama, miguu imevimba. Hapa Mwembesongo hakuna wa kukaa na wewe mchana. Kwa hiyo unakwenda kwa Bibi, bibi yangu mimi, mama yake Mama. Wewe umepewa jina la marehemu mumewe, ndiyo maana anakuita mume wangu. Hakuna mtu duniani anayekupenda kama yeye. Na hicho ndicho kinachonitisha, nitakueleza kwa nini.

Shuleni tulisoma habari za vijidudu, kwa Kiingereza. Nilikuwa mzuri, Shomari, sijisifu. Tofauti ya kuua vijidudu vyote na kuvipunguza tu, dawa inayofaa meza na ile inayofaa ngozi, kwa nini maji yanayotoa mvuke bado si maji yaliyochemka, yote hayo niliyaandika ukurasa mzima bila kufuta. Mwalimu aliusoma mbele ya darasa na mimi nikajificha nyuma ya mwenzangu. Kengele ikilia, nafunga daftari, vijidudu navifungia humo humo. Sikuwahi kufikiri kama vinaishi na kwetu. Nyumbani tunaongea Kiswahili, na kwa Kiswahili mimi sikujua hata naanzia wapi.

Ulipozaliwa, nesi alinishika kidevu ili nimtazame. Alijua kuna watu kama mimi. "Kitovu kiache kama kilivyo," akasema. "Kiwe kisafi, kiwe kikavu. Usipake kitu chochote, hata mtu akisema nini. Umesikia, mama mdogo?"

"Ndiyo."

Nilisikia. Hilo ndilo nataka ulijue kwanza.

Siku chache baadaye Bibi akashuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi, mdalasini umefungwa kwenye gazeti, na kikopo kidogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anachungulia nyuma yangu. "Sijaja kwako wewe. Nimekuja kwa mume wangu." Akakufunua uso, akakutazama sana. "Kumbe amerudi! Tena hana jino hata moja. Si shida, hata alivyoniacha hakuwa nalo."

Chumba kizima kikacheka. Walikuwepo majirani, mama wadogo, na shangazi mmoja nisiyemjua vizuri. Nilicheka na mimi. Ndiyo siku ya mwisho niliyocheka kwa muda mrefu.

Wazee wetu wana hofu yao na kitovu cha mtoto wa kiume. Wanasema kikidondoka kikagusa sehemu zake za siri, basi mtoto huyo hatakuja kuzaa. Kwa hiyo kinaharakishwa kikauke, na kinalindwa kama moto wa kuazima. Wanawake wote waliokuwa mle ndani walikulinda wewe. Waliogopa kweli, niliwaona. Waliogopa kitu ambacho hakikuwa hatari, na ile hatari yenyewe ilikuwa imekaa kwenye kikopo katikati yetu.

Ndani ya kikopo mlikuwa na masizi. Bibi aliyakwangua darini juu ya meko yake, akayasaga, akayachanganya na mafuta ya nyonyo. Alikuja na unyoya wa kuku wa kupakia, mweupe, ameufunga kwenye kitambaa. Alinawa? Sikumbuki. Nadhani alijifuta kwenye kanga. Akapiga magoti mbele yako, na kabla hajachovya ule unyoya akageuka akanitazama.

"Hospitali walisemaje habari ya kitovu?"

Aliniuliza, Shomari. Watu wote wanadhani alikuja tu akapaka kwa ukaidi wa wazee. Si kweli. Aliniuliza, tena kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, akasubiri jibu, unyoya uko hewani.

Nikasema, "Hawajasema kitu, Bibi."

Nimejiuliza kwa nini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wageni walikuwepo. Nilikuwa nimeshawaaibisha vya kutosha. Msichana aliyepata mimba shuleni, amekaa kitandani anapikiwa uji, afungue mdomo kumfundisha usafi mwanamke aliyemlea mama yake? Niliona haya. Na maneno yale niliyokuwa nayo yalikuwa ya mtihani, hayakuwa ya kumwambia bibi yangu. Nikaona kunyamaza ndiyo adabu.

Akapaka. Alikupaka kwa upole sana, anakuimbia.

Sikuandikii yote yaliyofuata. Pembeni ya kitovu paliiva kama nyanya, kukawa na harufu. Ukaacha kunyonya. Ukawa wa moto, halafu kilio chako kikabadilika, kikawa chembamba kama cha paka aliyefungiwa ndani. Mama akakufunga kifuani, tukapanda bodaboda sote kwenye mvua, mimi nyuma nimeshika kiuno cha Mama na mguu wako mmoja.

Kule hospitali nesi alikusafisha. Pamba ikaingia nyeupe, ikatoka nyeusi. Nyingine, nyeusi. Hakunigombeza. Alinitazama tu, halafu akaendelea. Wakakuchoma sindano ya mshipa kichwani kwa sababu mkononi mshipa haukupatikana. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wako, nasema moyoni "hawajasema kitu, hawajasema kitu," kama mtu aliyepagawa.

Nje kwenye korido Mama alimgeukia Bibi, aliyetufuata nyuma. Sijawahi kumsikia Mama akiongea vile na mtu, sembuse mama yake.

"Umemfanya nini mtoto?"

"Mwanangu, ninyi wote nimewapaka hiyo hiyo. Na wewe pia."

"Na wale wawili waliozikwa nyuma ya nyumba? Nao uliwapaka?"

Mimi sikuwa najua kama wapo wawili. Nilikuwa mlangoni, hatua moja tu, ningeweza kusema. Ningesema tu, Mama, aliniuliza mimi. Badala yake nikakutazama wewe. Bibi akachukua mfuko wake, akarudi mlimani siku ile ile, na hakushuka tena.

Ukapona. Alhamdulillahi, ukapona. Kitovu chako kimebaki kimevutwa upande, na kovu dogo, kama jicho linalokonyeza.

Baada ya hapo nikawa mwendawazimu wa aina nyingine. Nilichemsha vikombe, nepi, mpaka kile kijiko cha plastiki kikajikunja kama jani. Nilikataa watu wasikubebe. Nilinawa mpaka mikono ikapasuka, halafu nikaogopa ile mipasuko. Mama Asha wa nyumba ya pili akasema mbele ya watu bombani, "Hivi huyu mtoto mnamlea au mnamchemsha?" Nikaenda kumwaga dawa ya kuulia vijidudu kwenye maji yako ya kuoga, nyingi, bila kupima, ukatoka vipele mwili mzima. Nesi wa kliniki akanitazama, "Wewe unataka kumsafisha au kumkwangua? Maji na sabuni vinamtosha."

Nadhani nilichokuwa nataka kuchemsha ni lile jibu langu.

Hiyo nimejifunza, ingawa imenigharimu. Hofu inajifanya usafi. Unaweza kusugua sakafu mpaka ikang'aa huku lile jambo moja la kusema bado limekaa kooni. Na vijidudu havikuja kwako na mtu mbaya. Vilikuja na mtu aliyepanda na kushuka mlima kwa ajili yako, vikapitia mdomo wangu uliofungwa.

Sasa Bibi yuko hapa. Alifika jana, mara ya kwanza tangu hospitali. Mama ndiye aliyempigia simu kumwomba, na yeye akasema, "Nitakuja kumchukua," basi, simu ikakatika. Amelala hapa usiku mmoja na hajakugusa, Shomari. Anakuita mume wangu kutoka mlangoni. Jana ulimfuata kwa kutambaa, akasogea. Mama anajifanya hajaona. Mimi nadhani amekasirika, na kama amekasirika, nitamwambiaje?

Maana lazima nimwambie. Kule kwake maji yanatoka kwenye chemchemi, yanakuja kwa bomba la mwanzi, baridi mpaka meno yanauma, na mazuri kwa macho. Yanawekwa kwenye mtungi pale kona, juu ya mtungi kuna kata moja ya kifuu. Anayekuja anachota, anakunywa, anarudisha. Aliyetoka shambani, aliyetoka kumwangalia mbuzi, mgeni, mtoto. Mimi nimekunywa hayo utoto wangu wote kila likizo, nayapenda mpaka leo. Lakini mimi sikuwa wewe. Tumbo lako dogo bado linajifunza. Na mvua hizi zinashusha kila kitu, hata bomba la hapa mjini jana lilitoa maji mekundu.

Nimefanya mazoezi ya kumwambia tangu asubuhi. Kwa Kiingereza inatoka vizuri kabisa, kama ya redioni. Bibi hajui Kiingereza.

Amekwenda dukani kununua sabuni na chumvi ya kupanda nayo mlimani. Akirudi nitasema. Au nitasema wakati wa kula. Au kesho mkiwa mnaondoka. Unaona ninavyofanya? Ndivyo nilivyofanya na siku ile.

*

Nimerudi. Naandika haraka, kwa hiyo mwandiko utauvumilia.

Bibi aliingia amelowa, kandambili zimejaa tope, akiwa na mche wa sabuni kwapani. Mlango ulipojigonga, wewe ukaamka. Ukamwona. Ukaacha ule mfuniko, Shomari, ukanyoosha mikono yote miwili juu, kwake. Na yeye akasimama pale pale kama mtu aliyeona nyoka.

Sikujua nitafanya nini mpaka nilipokuwa nimeshafanya. Nilichukua jagi la kijani, lile la kunawishia wageni, nikachukua beseni, nikapiga magoti mbele yake kama tunavyofanya chakula kikiwa tayari. Hilo naliweza. Kumnawisha mkubwa hakuhitaji mdomo.

"Karibu unawe, Bibi."

Akatazama huku na huku. "Chakula kiko wapi?"

"Hakuna chakula."

"Sasa nanawa nile nini? Huyu?" Akakuonyesha kwa kidevu. "Mume wangu siku hizi amekuwa pilau?"

Nikataka kucheka nikashindwa. Akaweka mikono. Nikamwagia, akashika sabuni, na mimi nikayatazama mapovu kwa sababu macho yake nisingeyaweza.

"Bibi, siku ile uliniuliza."

"Siku gani?"

"Ya kitovu. Uliniuliza hospitali walisemaje, nikakwambia hawajasema kitu. Walisema, Bibi. Walisema tusipake. Nilijua."

Mikono yake ikasimama. Mimi nikaendelea kumwaga.

"Unamaliza maji," akasema.

Nikainua jagi. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nilidhani labda hakusikia vizuri, labda nirudie, na nikajua sitaweza kurudia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Haya." Alilitamka kama jina la mtu asiyemfahamu. Kisha akasema polepole, anasugua katikati ya vidole, "Wale wangu wawili, hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Wewe nilikuuliza."

Nililia tu, jagi mkononi. Hakunibembeleza. Alisugua mpaka kwenye viwiko.

"Mie niliporudi kule, kile kikopo nilikitupa chooni," akasema. "Nikasema mikono hii basi, imeshamaliza kazi na watoto. Mama yako aliponipigia simu nikakaa chini. Ndiyo maana tangu jana simsogelei."

"Nilidhani umekasirika."

"Nimkasirikie nani? Naogopa, mjukuu wangu."

Kumbe tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mtu na hofu yake kwenye kona yake.

Basi nikasema mengine. Yalitoka vibaya, hayakufuatana, lakini yalitoka, kwa Kiswahili. Nilimwambia maji yako yachemke mpaka yarukeruke, si kutoa moshi tu. Akasema maji ya kuchemsha yananuka kuni. Nikasema yafunike. Akasema, "Kuni zenyewe mvua hii nazitoa wapi?" Nikasema, "Bibi." Akasema, "Nitachemsha. Ya kwake. Ya kwangu mie yatakaa mtungini, kifo changu kinanijua."

"Na kata?"

"Ee! Kata nayo imefanya nini?"

Nikamweleza habari ya mikono inayoingia na kutoka. Nilimwona anaikumbuka ile kata, watu wote waliopita nayo. "Basi ya kwake nitayaweka kwenye dumu dogo, niwe namimina. Sichoti." Hilo silo lililoandikwa kwenye kitabu changu, Shomari, alilitafuta mwenyewe, na ni sahihi.

Akataka kujifutia kwenye kanga, na ile kanga imetoka naye matopeni. Nikamshika mkono. Mimi! Nikamshika mkono Bibi. "Yaache yakauke yenyewe."

"Lo! Shule hii," akasema. Lakini akaiacha mikono hewani inadondosha maji, wewe unampigia kelele kwa kucheleweshwa.

Ilipokauka akakunyanyua. Akakuweka pajani, akafunua fulana yako, akainama kutazama kitovu. Hakuwahi kukiona tangu kipone. Alikitazama kwa muda, hakukigusa.

"Kinanikonyeza," akasema. "Huyu ni yeye kabisa."

Na akacheka kile kicheko chake cha zamani, na wewe ukamvuta sikio.

Usidhani sasa siogopi. Naogopa vile vile, labda zaidi, maana sasa najua kwamba na yeye anaogopa. Kuna siku kuni zitakuwa mbichi kweli. Kuna siku atachoka, mgeni ataingia, utashika kitu utie mdomoni, na mimi nitakuwa darasani naandika majibu. Utaharisha siku moja, kila mtoto anaharisha, na mimi nitasikia kwa simu, mtandao ukipatikana. Nimemwomba asisubiri kukuteremsha zahanati, asisubiri kunipigia kwanza. Amesema ndiyo. Sasa ndiyo yake naiamini kuliko ile yangu niliyompa nesi.

Maji yamechemka. Nimeyaacha yarukeruke, halafu nimefunika. Bibi amelichukua jagi la kijani, amelifunga na kanga pamoja na vitu vyenu. Mama aliporudi akauliza kulikoni, jagi la wageni linakwenda wapi. Bibi akamwambia, "Naondoka nalo. Kule sina."

"Na nani atakunawisha?"

"Mume wangu. Mume gani asiyemnawisha mkewe?"

Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye. Amekwenda kukaa karibu na mama yake, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja. Habari ya korido bado hajaijua, kwamba Bibi aliniuliza mimi. Nitamwambia Mama leo kabla hatujala. Nimekuandikia hapa ili nisiweze kurudi nyuma.

Jagi ni zito kwako sasa, likijaa hulinyanyui. Utakua. Siku utakayoliweza, mnawishe Bibi kabla hajala na kabla hajambeba mtoto wa mtu. Na akikuuliza kitu, Shomari, hata kama chumba kimejaa wageni, hata kama unaona haya mpaka masikio yanawaka, mjibu.

Mama yako,
Zainabu